Nina miaka 46, kilo 108, naendesha lori Dar–Tunduma. Nianzie wapi kupunguza mwili?

Dereva_Uyole

Wakuu, habari za leo, na shikamoo kwa wakubwa. Naomba ushauri wa dhati, hasa kwa walio na umri kama wangu au walionizidi.

Naishi Uyole, kazi yangu ni lori la mizigo kati ya Dar na Tunduma. Nilipoanza barabara nilikuwa mwembamba. Sasa nina kilo 108 kwa urefu wa mita 1.71. Tumbo linagusa usukani, na nikisogeza kiti nyuma mguu haufiki vizuri kwenye klachi. Nikipanda kichwani lazima nikae kwanza, pumzi irudi, ndipo niwashe gari. Hivi karibuni nilipima kwenye zahanati moja: presha 150/95, sukari kabla ya kula 6.4. Nikaambiwa nipunguze mwili halafu nirudi. Namna ya kuupunguza sikuelezwa, watu walikuwa wengi kwenye foleni.

Ushauri mwingi ninaousoma unamhusu mtu anayelala kwake kila siku. Mimi leo nakula wali nyama Ruaha Mbuyuni, kesho asubuhi supu na chapati Mafinga, jioni chips mayai Makambako. Usingizi ukinizidi nakunywa enaji. Kuna jamaa pia ananishawishi ninunue chai ya kukata tumbo, anasema ni majani matupu, haina madhara.

Mke wangu ananiunga mkono ila ana hofu. Mnajua maneno ya watu: dereva akipungua tu, mtaa mzima unasema ameukwaa UKIMWI. Nifanyeje, nianze na kipi?

Chuma_Soweto

Mkuu, kata wanga wote. Ugali, wali, viazi, mkate, achana navyo. Usiku usile kabisa. Utashuka haraka sana.

Nesi_Tukuyu

Chuma, kwa mtu anayeshika usukani siku nzima huo ushauri naupinga. Akianza kutetemeka kwa njaa akiwa anateremka mlima Kitonga na mzigo, ni maisha yake na ya wengine.

Kaka wa Uyole, pole na hongera kwa kupima. Presha yako imevuka 140/90, kwa hiyo irudie kupimwa siku nyingine tofauti, na ukipewa dawa uzimeze, usisubiri kilo zishuke. Sukari yako bado haijafika 7.0 ambayo tunaiita kisukari, lakini imepanda. Hapo ndipo mahali pazuri pa kugeuza mambo. Usijipe kazi ya kurudi kilo za ujana wako. Ukipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito, kwako ni kama kilo 5 mpaka 11, presha na sukari vinaanza kukaa vizuri. Nusu kilo kwa wiki inatosha, isizidi kilo moja.

Hiyo chai usinunue. Nyingi ya aina hiyo zina majani ya kuharisha. Unachopoteza ni maji na madini, mafuta ya tumbo yanabaki palepale, na moyo unaweza kwenda kombo madini ya potasiamu yakishuka. Kama anayeuza hawezi kukuonyesha usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa, mwambie hapana.

Halafu nina swali, tafadhali nijibu kwa ukweli: unakoroma? Utingo wako au mkeo amewahi kukuambia kwamba ukilala pumzi inakatika kidogo halafu unashtuka? Na hizo enaji, ni za mara moja moja au kila safari?

Mama_Ilomba

Kaka, mume wangu naye ni wa barabara hiyohiyo, kwa hiyo hapa nazungumza ninachokipika.

Cha kwanza, soda na enaji. Chupa ya nusu lita ya soda ina sukari ya vijiko vya chai zaidi ya kumi, na haimshibishi mtu. Sisi tulianza hapo tu, chakula hatukukigusa, na suruali zikaanza kulegea. Anabeba dumu la maji na chupa ya chai ya rangi isiyo na sukari, yenye tangawizi.

Cha pili, hotipoti. Akitoka nyumbani anaondoka na viazi vya kuchemsha au kande yenye maharage mengi, mboga za majani, na usipa wa Kyela waliokaangwa kwa mafuta kidogo sana. Siku zinazofuata anapika mwenyewe kwenye jiko dogo la gesi pembeni ya gari, wenzake wengi wanafanya hivyo. Ilula akipita ananunua nyanya na vitunguu, mayai yanapatikana kila mahali. Asipopika, hotelini anaagiza ugali nusu, maharage, mboga mara mbili, na samaki au nyama ya kuchemsha. Wahudumu wamemzoea, hawamwulizi tena. Supu ya asubuhi kunywa, ila chapati iwe moja, na yale mafuta yanayoelea juu yaenguliwe na kijiko kabla hujaanza. Mafuta ndiyo yanayotunenepesha bila kujua: kijiko kimoja cha chakula kina nguvu ya kalori kama 120, na chips mayai sahani moja imekunywa vijiko kadhaa.

Parachichi letu la Rungwe ni zuri, lakini nusu inatosha kwa mlo. Nimeona watu wanakula mawili juu ya wali wakidhani ni mboga.

Kuhusu maneno ya watu, wifi yangu asiogope. Mkapime wote wawili, majibu mnayajua wenyewe, basi. Mtaa utasema na utachoka.

Mstaafu_Mafinga

Marahaba mdogo wangu. Nimeshika usukani hadi nimestaafu, nina miaka 63, barabara hiyo naijua mchana na usiku.

Mazoezi yako yako ndani ya kazi yako. Kabla hujawasha asubuhi, tembea. Ukiwa umeegesha Makambako au Igawa, vaa sweta, maana baridi ya Juni na Julai unaijua, utembee nusu saa kwa mwendo wa mtu anayewahi basi. Uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Pita upande wa kulia wa barabara ili magari yanayokuja uyaone. Ukikwama foleni ya Tunduma, mwachie utingo gari, uende mpaka mwisho wa msururu na kurudi. Tunakaa pale muda mrefu tukicheza karata na kula mishikaki, na muda huo ni mali. Wataalamu wanataka angalau dakika 150 kwa wiki; ukihesabu nusu saa kwa siku tano umefika.

Kukimbia acha kwanza, kwa kilo hizo magoti yatakulaumu. Kuruka kamba vilevile. Na usishangae kwamba Dar unatembea vizuri ila ukifika Uyole pumzi inakuwa fupi. Mbeya iko juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Punguza mwendo siku ya kwanza. Ila kifua kikibana au maumivu yakishuka mkononi, simama na uende hospitali hapohapo.

Mwl_Kihesa

Naongezea jambo moja kwa mzee. Kutembea peke yake hakutoshi kwa umri wetu, kwa sababu misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na ukijinyima chakula bila kuifanyia kazi, inaondoka pamoja na mafuta. Mara mbili tatu kwa wiki fanya hivi: shika bampa kwa mikono miwili, chuchumaa taratibu mpaka unapoweza, simama. Kisha pushapu za kuegemea ubavu wa tela ukiwa umesimama. Ukizoea, egemea chini zaidi, kwenye ngazi ya gari. Kisha beba madumu mawili ya maji, moja kila mkono, uzunguke gari lako ukikagua matairi. Kila moja mpaka misuli ichoke kidogo, pumzika, rudia.

Na pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usitegemee mizani tu. Kuna wiki kilo zitagoma huku mkanda unaingia tundu jingine.

Dereva_Uyole

Nawashukuru sana, nimesoma kila neno. Soda na enaji nimeshaamua, na kesho nanunua jiko dogo la gesi.

Nesi, swali lako limenigusa. Ndiyo, nakoroma sana. Utingo wangu aliwahi kuniambia nikilala nanyamaza kabisa, halafu navuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyetoka majini. Asubuhi naamka na kichwa kizito, na mchana mbuga za Igurusi na Chimala napambana na usingizi hata kama nimelala vya kutosha. Enaji ni kila safari. Shingo nimepima sasa hivi, sentimita 44. Je, hili nalo linatokana na unene? Na nimwambie tajiri, au ataninyima gari?

Nesi_Tukuyu

Asante kwa kusema. Dalili hizo zinatosha kumwona daktari kabla ya safari ijayo. Mafuta ya shingoni yanabana njia ya hewa ukilala, pumzi inakatika, ubongo unakuamsha mara nyingi bila wewe kujua. Ndiyo maana unaamka kama mtu ambaye hakulala, na hali hiyo yenyewe hupandisha presha. Kupunguza uzito husaidia sana, ila huchukua miezi, na wewe unaendesha leo. Kwa sasa lala ubavu, usilale chali. Pombe kabla ya kulala acha, hata ulanzi. Usiku usiendeshe, na macho yakianza kuwa mazito egesha, usimalizie kwa enaji.

Tajiri mwambie, na umwambie ukiwa na karatasi ya daktari mkononi. Atakusikiliza zaidi hivyo kuliko ukienda na maneno matupu. Nenda hospitali ya rufaa ya kanda pale Mbeya, ueleze presha, sukari na usingizi vyote kwa pamoja, usitaje unene peke yake. Na usiku wa leo mwambie mkeo akurekodi kwa simu ukiwa umelala, hasa pale unaponyamaza, umwonyeshe daktari.