Naomba ushauri: ketamini za aina mbili kwenye meza moja ya upasuaji

Ndugu wauguzi wa nusukaputi, naomba ushauri wenu. Hapa Bukavu tunajiandaa kupokea misheni ya upasuaji wa ngiri za watoto. Wauguzi wabobezi wa nusukaputi wanatoka Marekani. Ujuzi wao siutilii shaka, nahofia vichupa vya ketamini, dawa ya nusukaputi, vyenye nguvu tofauti. Ketamini huja ya miligramu 10, 50 au 100 kwa mililita. Mtoto wa kilo 12, kwa miligramu 2 kwa kilo, anahitaji miligramu 24: hiyo ni mililita 2.4 za ile ya 10, lakini haifiki hata nusu mililita ya ile ya 50. Bomba la sindano likipita mkononi kwa mwingine bila lebo, mtoto anapata dozi mara tano na anaweza kuacha kupumua.

Nafikiria tuzimue zote asubuhi: mililita 1 ya 50 na mililita 4 za maji ya chumvi 0.9%, lebo iseme miligramu kwa mililita, kwa Kifaransa. Je, mtu mmoja tu azimue, au wawili wakaguane? Na umeme ukikatika, mashine ya oksijeni ikazima, nani aamue kusimamisha upasuaji: mgeni au muuguzi wetu atakayebaki na mtoto usiku?