Mdogo wangu kavutana na trafiki Buzuruga, wanasema miaka mitano. Ni kweli?

DadaWaIgoma:
Wakuu, mwangaluka. Mdogo wangu ni bodaboda, kijiwe chake Buzuruga. Ijumaa jioni trafiki alimsimamisha kwa kubeba mishikaki, yaani abiria wawili kwa mpigo. Kosa ni lake, sibishi, faini angelipa. Askari akachomoa funguo, dogo akamdaka mkono, wakavutana mpaka mfuko wa shati la askari ukachanika, na askari mwenyewe akatumbukia mtaroni. Ngumi haikurushwa, abiria wake wote wawili wanasema hivyo. Leo Jumapili nimempelekea ugali na sato mahabusu, naambiwa kesi ni "kumshambulia askari, miaka mitano". Mama anataka kuuza ng'ombe wake wa Magu "twende tukaongee". Miaka mitano ni lazima? Na huko kuongea kukoje?

Kijiwe_Nyakato:
Pole dada. Dogo naye! Faini ya bodaboda ni elfu kumi, funguo unaziacha ziende, unalipa, unarudi kuzichukua. Uzeni ng'ombe mapema, Jumatatu akifika mahakamani bei inapanda.

KaraniMstaafu:
Binti, usimsikilize huyo wa juu. Nimekuwa karani wa mahakama miaka 26 hapa Mwanza, nimeona kijana akiingia kwa kesi ya kusukumana, kabla haijaisha mama yake naye yuko kizimbani kwa kutoa rushwa. Sheria ya rushwa ya 2007 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Ng'ombe abaki Magu.

Sasa hiyo miaka mitano. Imo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 243 katika kitabu changu cha marekebisho ya 2019. Lakini huo ndio mwisho wa juu. Hakimu anaweza kushuka: kifungo kifupi, faini, au kumwachilia kwa masharti kama ni kosa lake la kwanza. Kifungu hichohicho kinabeba kumshambulia polisi, kumpinga, hata kumzuia kwa makusudi akiwa kazini. Kwa hiyo "hakurusha ngumi" hakumtoi dogo moja kwa moja. Ila kunapunguza uzito, na uzito ndio utakaopigania.

Kwa hiyo kesho hati ya mashtaka ikisomwa, sikiliza kifungu kilichoandikwa. Askari akiwa ameumia vibaya kule mtaroni na daktari akajaza hivyo kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, wanaweza kuhamia kudhuru mwili kwa kiwango kikubwa, na hapo tunaongelea miaka saba. Shati kuchanika ni habari nyingine kabisa. Dogo naye kama ana mchubuko aombe PF3 yake. Ile fomu si ya askari peke yake.

DadaWaIgoma:
Shikamoo mzee. Ana kidonda kwenye kiwiko. Kuna askari mmoja kamwambia akubali kosa tu yaishe haraka.

KaraniMstaafu:
Marahaba. Hapo ndipo vijana wengi wanapoangukia. Akisema "ni kweli", mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio, na dogo anaulizwa kama yote ni sahihi. Akiitikia ndiyo kwa maelezo yanayosema alipiga ngumi, kaifunga kesi mwenyewe. Akisema "ni kweli, lakini sikumpiga", hakimu anatakiwa kuandika kwamba amekana, na ushahidi usikilizwe. Aseme kilichotokea, basi. Na abiria wale wawili chukua namba zao leo, kesho kutwa watakuwa Geita.

Dhamana: kosa hili linadhaminika. Sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na isipowezekana kituo kinaweza kumpa dhamana. Tangu Ijumaa mmekaa tu! Nenda leo na barua ya serikali ya mtaa, vitambulisho vya NIDA na wadhamini wawili wenye kazi inayoeleweka. Dhamana haina malipo, ukidaiwa hela omba risiti uone.

MamaDagaa_Mwaloni:
Mzee, na mgambo je? Maana sisi hapa sokoni tunavutana nao kila siku kugombea beseni.

KaraniMstaafu:
Kifungu hakiishii kwa polisi, mama. Kinamlinda pia mtu anayeshambuliwa kwa sababu ya kazi aliyopewa na sheria. Beseni waachie, kisha ukalidai kwa maandishi.

DadaWaIgoma:
Mrejesho, Jumatatu. Jana kituoni walikataa, leo mahakamani katoka kwa dhamana. Imesomwa kumpinga askari kazini, amekana, tunarudi baada ya wiki mbili. Mama kafurahi, ng'ombe hakuuzwa. Ila pikipiki bado imeshikiliwa, na tajiri mwenye pikipiki anataka hesabu yake ya kila siku kwa siku zote hizi.