Kristali, sumaku, bangili ya shaba au jiwe jeusi: kipi kina ushahidi? (Tanga mjini)

BintiMakorora
Habari za jioni wadau, naombeni mnisaidie mawazo maana hapa nyumbani tunavutana. Mama yangu ana miaka sitini na kitu, magoti yanamtesa muda mrefu, akikaa mkekani kuinuka mpaka ashikwe mkono, asubuhi goti linakuwa gumu mpaka atembeetembee kidogo ndo linalegea. Sasa kuna kaka anapita huku Ngamiani na begi la mawe, ana maneno matamu kweli, kamwambia mama hospitali watamjaza vidonge tu wakati "mawe ya tiba" yanatoa ugonjwa kwenye mzizi. Ana bangili ya shanga za kristali elfu 45 anasema ina nishati ya kurekebisha damu, ana bangili ya sumaku elfu 30, ya shaba elfu 10 kwa ajili ya baridi yabisi, alafu ana lile jiwe jeusi la nyoka elfu 15, eti ukilifunga kwenye goti usiku linanyonya sumu. Mama anataka achukue vyote kwa mkopo. Mwenyewe tayari anavaa pete ya akiki aliyoachiwa na bibi, hiyo siigusi. Naomba mnilinganishie, kama kuna kimoja chenye ukweli nimnunulie hicho, kama hakuna basi mnipe maneno ya kumwambia bila kumvunjia heshima.

MzeeWaSahare
Mwanangu mimi navaa ya sumaku, mgongo ulikuwa unanikaba siwezi hata kuinamia ngalawa, sasa hivi nafuu ipo. Na msiseme hakuna utafiti, Uingereza walifanya, ukatoka mwaka 2004 kwenye jarida kubwa la madaktari la BMJ, watu 194 wenye magoti na nyonga mbovu, waliovaa sumaku kali maumivu yalipungua kuliko waliovaa ya uongo. Mnunulie mama ya sumaku, hayo mengine acha.

Ticha_Muheza
Mzee wangu shikamoo. Huo utafiti upo kweli na nashukuru umeutaja, ila waliouandika wenyewe walisema wazi kuna tatizo: sumaku kali mtu anaijua tu, ukipitisha mkono karibu na funguo zinavutika, kwa hiyo wagonjwa wengine waliweza kugundua wamepewa ipi, na ukishajua umepewa ya kweli unaanza kutegemea nafuu. Baadae Chuo Kikuu cha York wakafanya kwa namna nyingine, matokeo yakatoka 2013. Walichukua wagonjwa 70 wa baridi yabisi (ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo), kila mmoja akavaa bangili nne kwa zamu, wiki tano tano: sumaku kali, sumaku dhaifu, moja iliyoondolewa nguvu ya sumaku, na ya shaba. Wakapima maumivu, uvimbe, na damu pia. Hakuna iliyoizidi mwenzake kwa maana yoyote. Yaani hapo kwa mpigo sumaku na shaba za huyo kaka zote mbili zimeshajibiwa.

Na ile hoja ya wauzaji kwamba damu ina chuma kwa hiyo sumaku inaivuta, jamani chuma cha kwenye damu kimefungwa ndani ya himoglobini, hakivutwi kama msumari. Ile mashine kubwa ya hospitali ya kupiga picha za ubongo na mgongo, MRI, nyingi zina nguvu ya tesla 1.5 mpaka 3, ni zaidi sana kuliko bangili yoyote, mtu analazwa humo ndani na damu yake inaendelea na safari yake vilevile. Kitu kimoja cha kumuuliza mama: kama ana kifaa cha kusukuma moyo kifuani au kuna mtu nyumbani anacho, sumaku isisogee kabisa.

Kwenye kristali, wauzaji wanapenda kusema kwatsi, yaani hilo jiwe wanaloliita kristali, inatoa umeme mpaka inatumika kwenye saa. Nusu ya hiyo ni kweli. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba kwatsi ukiikandamiza inatoa chaji kidogo ya umeme, na mwaka uliofuata wakathibitisha kwamba ukiipa umeme inabadilika umbo kidogo, ndo maana inaweza kutikisika. Ya kwenye saa inatikisika mara 32,768 kwa sekunde. Lakini inatikisika kwa sababu betri inaipa umeme, betri ikiisha saa imesimama na jiwe bado limo ndani zima kabisa. Jiwe halina akiba ya nishati ya kumgawia mtu.

BrokaWaUmba
Nimeona neno mawe nikasema nisipite. Mimi nauza mawe miaka mingi, nimekaa Kalalani nimekaa Umba kwenye yakuti na garneti, nimeenda mpaka Mererani kwenye tanzanaiti. Dada naomba nikuambie kitu ambacho wateja wengi hawakijui, hizo bangili za shanga zinazotembezwa barabarani nyingi ni chupa. Shika shanga moja weka mdomoni juu ya lipsi, kwatsi halisi inakuwa baridi na inachelewa kupata joto, chupa inapata joto haraka. Alafu ielekeze kwenye jua uitazame kwa ndani, ukiona viputo vidogo vya duara kama vya soda hiyo imemwagwa kiwandani. Kwatsi ya kweli inachora chupa, chupa haiichori kwatsi.

Na hata yakiwa halisi rangi nyingi zimetengenezwa, tanzanaiti karibu yote ile ya bluu imechomwa kwenye tanuru, likitoka chini jiwe lina ukahawia. Akiki inatiwa rangi tangu zamani huko Ujerumani, jiwe jeupe bei ya chini la hauliti linapakwa rangi linauzwa kama feruzi. Siyo dhambi kama muuzaji anakwambia. Shida ni huyu anayesema bluu inatibu presha na nyekundu inatibu damu, wakati hiyo rangi imeingia juzi kwenye sufuria. Mimi jiwe nauza kwa uzuri wake na uadimu wake, na nikisikia mwenzangu kwenye biashara anamuuzia mgonjwa kwa jina la dawa inaniuma kwa kweli, maana anachafua kazi ambayo watu wanaisomeshea watoto.

Ticha_Muheza
Broka umenikumbusha jambo zuri. Kuna mwanasaikolojia wa chuo cha Goldsmiths kule London, Christopher French, mwaka 2001 alieleza jaribio lake: watu 80, nusu wakapewa kwatsi halisi washike mkononi huku wametulia kwa dakika tano, nusu wakapewa ya bandia bila kujua. Baadhi yao kabla ya kuanza waliambiwa wategemee nini, mwili kusisimka, mkono kupata joto, utulivu. Waliposhika, wa bandia walisikia yaleyale waliyosikia wa halisi. Kilicholeta tofauti ni yale maneno waliyoambiwa kabla, walioandaliwa ndio walisikia zaidi. Kwa hiyo mteja wa Ngamiani mwenye shanga za chupa anaweza kuja kutoa ushuhuda kwa moyo mweupe kabisa na wala hasemi uongo, kweli kasikia kitu, ila hakijatoka kwenye jiwe.

MzeeWaSahare
Sawa ticha nimekusoma, lakini mgongo wangu mimi ndio naujua. Ulikuwa unauma, sasa hauumi kama mwanzo. Unataka niseme nini?

Ticha_Muheza
Sema hivyohivyo mzee, nafuu yako ni ya kweli na sina ugomvi nayo. Ila maumivu ya mgongo na magoti yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Mtu hanunui bangili siku goti limetulia, ananunua siku limemzidi kabisa, na baada ya kuzidi mara nyingi kinachofuata ni kushuka, hata kama angevaa uzi. Bangili inapewa sifa kwa sababu ilikuwepo mkononi wakati huo. Ndiyo maana watafiti wanaweka kundi la kulinganisha, bila hilo kundi huwezi kujua kipi kimefanya kazi. Wewe endelea kuivaa kama inakupa faraja, hela ilishatoka. Namzungumzia mama wa dada ambaye hela bado iko kwenye pochi.

NesiMkonge
Nimesoma yote. Kristali, shaba, sumaku, hasara yake kubwa ni hela na muda. Kwenye jiwe jeusi naomba tusilichukulie kama mengine, hilo linaua.

Kwanza lile sio jiwe. Ni kipande cha mfupa wa ng'ombe kimechomwa kwenye moto mpaka kikawa mkaa. Kina vitundu vidogo sana ndio maana kinanata kwenye kidonda chenye damu, na ukikiweka kwenye ulimi kinanata hivyohivyo, watu wakiona kimenata wanasema kinanyonya sumu. Sumu ya nyoka haikai juu ya ngozi ikisubiri, meno yameshaipeleka ndani ya nyama na inaondoka na mishipa. Mwaka 2007 kwenye jarida la Kifaransa la Cahiers Santé ulitoka utafiti, walilijaribu kwa panya waliopewa sumu ya nyoka wa Afrika, kifutu yumo na swila yumo, jiwe halikusaidia kitu.

Mimi nafanya kazi maeneo ya mashamba ya mkonge, vifutu tunavyo. Aliletwa mkata mkonge jioni, kaumwa asubuhi juu ya kifundo, jiwe bado limefungwa kwa kitambaa, mguu umevimba mpaka pajani ngozi inang'aa, malengelenge ya maji meusi, na juu ya hapo walikuwa wamekaza kamba ya katani. Alipona namshukuru Mungu, ila nyama ya mguu ilishaoza sehemu na anatembea kwa shida mpaka leo. Yale masaa yote walikuwa wanasubiri jiwe lidondoke lenyewe.

Kwa nini watu wanaliamini? Kwa sababu nyoka wengi wanaouma watu hawana sumu ya kuua, na hata mwenye sumu kuna wakati anauma bila kuitoa. Huyo angepona hata bila jiwe, ila jiwe linapata sifa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kwa nyoka kila mwaka duniani, na 2017 waliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika.

Ikitokea: mtulizeni, vueni pete, bangili na viatu kabla hajavimba, mguu au mkono ulioumwa ufungwe banzi usichezeshwe, asitembee. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Kama usafiri ni bodaboda akae katikati, mtu amshike kwa nyuma. Pigeni simu mbele muulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, maana si kila kituo kinayo.

UmmSalama_Tga
Asalaam aleikum. Nimefurahi dada umesema pete ya akiki huigusi. Mtume wetu (s.a.w.) alivaa pete ya fedha yenye jiwe la Uhabeshi, lipo kwenye hadithi sahihi, sisi tunavaa kwa mapenzi hayo na kwa pambo. Lakini kulitegemea jiwe liponye ni jambo jingine kabisa, hilo wanazuoni wanalikataza, mponyaji ni Mwenyezi Mungu na tumeamrishwa tutafute dawa. Mwambie mama kwa mlango huo, atakuelewa bila kuona kabezwa.

BintiMakorora
Wa aleikum salaam. Nimemsomea mama majibu yenu karibu yote, la mkata mkonge limemgusa sana akanyamaza muda. Amesema jiwe jeusi halitaki hata ndani. Kwenye kristali amekubali baada ya kuweka shanga lipsini kama Broka alivyosema, ilipata joto hapohapo. Bado anaililia ya shaba kwa vile ni elfu 10 tu na mashoga zake wote wanayo, nimemwambia kama ni urembo nitamnunulia ila si kwa goti. Nesi sasa nimpeleke wapi na kwa nini hasa?

NesiMkonge
Ya shaba kama urembo mnunulie, haina neno. Mpeleke hospitali wamwangalie goti, pale Bombo au kituo kilicho karibu nanyi. Ulivyoeleza ugumu wa asubuhi unaoachia haraka na umri wake, inaelekea ni gegedu la goti (ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) limelika, lakini lazima apimwe. Ugumu ukizidi saa nzima na vidole vya mikono navyo vikivimba, waambie, hiyo huenda ndio ile baridi yabisi aliyoisema ticha na ina dawa zake. Goti likiwa la moto, limevimba ghafla na ana homa, siku hiyohiyo msilale.

Kwa goti lililolika, kitu chenye ushahidi mkubwa kabisa ni mazoezi ya misuli ya paja, na ni bure. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mpaka goti linyooke, ahesabu mpaka tano, ashushe polepole, abadilishe. Mwanzoni atalalamika, muwe naye. Kama uzito umezidi, kupungua hata kidogo kunasaidia. Akitembea ashike fimbo mkono wa upande wa pili wa goti bovu, wengi wanashika upande uleule na haisaidii vizuri. Kukaa mkekani apunguze, kiti kirefu kidogo kinamfaa. Ipo na dawa ya kupaka ya diklofenaki, wataalamu wanaikubali kwa goti, ila aulize kwanza kama ana vidonda vya tumbo au figo.

KijanaKorogwe
Samahani naingilia, huyo kaka nadhani kapita na huku, ana jiwe la kijani lenye mistari anasema unaliloweka kwenye maji ya limau usiku unakunywa asubuhi kusafisha ini. Dada yangu ameanza. Hili nalo halina madhara?

BrokaWaUmba
Kijani yenye mistari ya duara duara ni malakiti hiyo, inatoka sana Kongo. Malakiti ni madini ya shaba, na limau inaiyeyusha. Mwambie aache leo.

NesiMkonge
Aache kabisa, shaba ikizidi mwilini ini ndio linaloumia, hilohilo anataka kulisafisha. Kama anatapika au tumbo linamkata, aende hospitali na jiwe alibebe waone. Na mkiwa hapohapo na mambo ya mawe ya kutumia mwilini, naomba niseme na wanja. Wanja wa manga unaosagwa kutoka kwenye jiwe linalong'aa kama chuma, mara nyingi jiwe lile ni galena, ni madini ya risasi. Watoto wachanga wanapakwa machoni, wanajifuta, wanalamba vidole, risasi inaingia na inaathiri ubongo unaokua. Wenye vichanga nyumbani huo wanja wekeni mbali nao.