Mshirika wa dagaa Kigoma: nitume mtaji?

Wapendwa, habari za huko mliko. Nipo Leicester. Kuna kijana wa Kigoma anataka tushirikiane: mimi nitoe mtaji, yeye anunue dagaa Kibirizi, mwaloni wanakoshushia samaki, na kuwasafirisha Dar. Ana adabu sana, hakuna asubuhi asiyonisalimia. Ameomba milioni 4. Nitume?

---

Shikamoo dada. Usitume kwanza. Hizo salamu za asubuhi nazijua, na bado zinaniuma.

Wa kwangu aliniita "mkombozi wa ukoo". Huku ugenini unaweza kumaliza mwezi hujasikia neno zuri kwa Kiswahili, basi nilivishwa kilemba cha ukoka nikakikaza mwenyewe. Juni 2024 akanirekodia ujumbe: "Bosi, hawa wamevuliwa usiku wa leo, ongeza pesa kabla hawajaisha." Ikafuata picha, dagaa wanang'aa juu ya chanja, pembeni mkono umeshika ndoo ya bluu. Nikaongeza.

Jumapili nikampigia mama mdogo, yuko Ujiji. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, si ziwa limefungwa?" Kweli, uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule. Kigoma nzima ilijua. Mimi sikuwa nimeuliza, maana niliona haya kumhoji mtu anayeniheshimu kiasi kile.

Kwa hiyo dada, muulize mambo ya ziwani. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa; mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika. Akidai kanunua wabichi siku hizo, akueleze ni kwa nani. Akupe bei ya leo, nawe umpigie mtu mwingine palepale mwaloni ulinganishe. Akisema ana kampuni, itafute BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, uone wanahisa ni akina nani. Likiwa ni jina la biashara tu lililosajiliwa kwake, wewe humo huna hisa. Mkataba usainiwe kabla pesa haijatoka, na akaunti iwe ya sahihi mbili.

Ukiridhika, anza na gunia moja. Liuzwe, hesabu irudi mkononi mwako, ndipo mzungumzie la pili.

---

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nimemuuliza bei ya leo Kibirizi. Amenirekodia dakika 3 nzima za kuusifu moyo wangu, bei hajaitaja. Nimemuuliza tena. Milioni 4 zinabaki hapa.