Tupeane uzoefu: Kupima udongo na kupanga matumizi ya mbolea

Habari zenu wanajamvi. Naomba waliokwisha kupima udongo watueleze walivyochukua sampuli na majibu yalibadilisha nini katika matumizi yao ya mbolea.

Naanza na langu. Shamba langu liko kwenye mteremko, juu ni kichanga na bondeni ni mfinyanzi, kwa hiyo nilipeleka sampuli mbili, kwa kuwa ukichanganya udongo wa aina mbili unapata wastani usiofaa upande wowote. Kila upande nilitembea kwa zigizaga nikichimba hadi sentimita 20 katika vituo visivyopungua 15, huku nikikwepa vichuguu, njia za mifugo na mahali palipowahi kulundikwa samadi. Udongo niliuchanganyia kwenye ndoo ya plastiki, kwa maana ndoo ya bati huachia zinki na kuharibu kipimo, kisha nikauanika kivulini na kupeleka kama nusu kilo kwa kila sampuli. Pande zote mbili pH (kipimo cha tindikali ya udongo; ikiwa chini ya 7, udongo una tindikali) ilikuwa 5.1, lakini maabara ilishauri chokaa nyingi zaidi bondeni, kwa sababu mfinyanzi huhifadhi akiba kubwa ya tindikali ambayo pH peke yake haiioneshi. Kwangu hilo ndilo lililolipa gharama yote ya upimaji.

Mchangiaji wa 2: Asante kwa kuanzisha mada. Mahindi yangu yalikuwa na majani ya zambarau, dalili ya kukosa fosforasi, kila msimu ingawa DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, niliweka ya kutosha. Kipimo kilionesha pH chini ya 5.5, hali ambayo alumini hufunga fosforasi na kudumaza mizizi. Nilitangulia kuweka chokaa miezi kadhaa kabla ya kupanda, na kiasi cha DAP sikukiongeza.

Mchangiaji wa 3: Wenzangu mnaofuga, pimeni na samadi yenyewe. Ukitegemea samadi pekee kutosheleza naitrojeni, fosforasi hujilimbikiza, na mvua ikisomba udongo huo, mito huota mwani. Kwangu fosforasi ilikuwa juu mno, nikaacha kabisa mbolea ya kupandia. Sasa natoa kwanza naitrojeni ya samadi katika mahitaji ya zao, kisha pengo nalijaza kwa urea, nikikumbuka kuwa mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, na naigawa mara mbili ili mvua kubwa isiizamishe yote chini ya mizizi.

Mchangiaji wa 2: Na unarudia kupima baada ya muda gani?

Mchangiaji wa 3: Kila baada ya miaka mitatu, majira yaleyale ya mwaka na kina kilekile, vinginevyo majibu mapya hayalinganishiki na ya zamani.