Wenzetu wawili wa mpira wa magongo: tuwakumbuke kwa kombe au kwa vifaa?

Beki wa zamani, Parklands

Ndugu zangu, nawasalimu. Mwaka huu tumewazika wenzetu wawili, kipa na kiungo, ambao tulicheza nao ligi kwa miaka mingi pale uwanja wa City Park, Nairobi. Wazee wa timu tumeketi mara mbili bila kuafikiana, kwa kuwa baadhi yetu wanataka kombe la kila mwaka lenye majina yao, na wengine wanaona fedha hizo ziwanunulie watoto vifaa. Majina siyataji kwa kuwa familia bado zinaomboleza, lakini waliocheza nasi watawatambua.

Kiungo yule ndiye aliyeinua mkono ndani ya duara letu, lile eneo la mbele ya goli, tukiongoza bao moja kwa bila na dakika chache zikisalia, akamwambia mwamuzi, "Mpira umenigusa mguu." Mpira kugusa mguu ni kosa kwetu, na mwamuzi hakuwa ameona. Wapinzani walipewa kona fupi, yaani pigo la adhabu karibu na goli letu, wakasawazisha, nasi tukapoteza pointi mbili. Nilimnunia wiki nzima, jambo ambalo linaniuma hadi leo. Mnaonaje kuhusu kumbukumbu yao?

Mpinzani wenu wa siku ile

Poleni sana, mzee. Mimi ndiye niliyeisukuma kona hiyo, na nakiri kwamba baada ya bao lile hatukushangilia, kwa sababu kila mmoja wetu alijua kwamba yeye mwenyewe angenyamaza.

Kipa wenu nami namkumbuka. Kuna mechi ambayo ukanda wa pedi ya kipa wetu ulikatika wakati wa mapumziko, nasi hatukuwa na mwingine. Mwenzenu alivuka uwanja mzima, kofia ya kinga ikiwa kwapani, akapiga goti mbele ya mtu aliyekuwa akimtafutia njia ya kumshinda, akaifunga pedi ile kwa kamba aliyoichomoa kwenye kiatu chake. Kipindi cha pili alicheza kiatu kimoja kikiwa kimefungwa kwa plasta. Kipa wetu hakuitoa kamba ile hadi alipostaafu.

Mwalimu wa michezo, Eastlands

Mimi nachagua vifaa, na sababu yangu ninaiona kila Jumamosi. Kiungo huyo alikuwa akikusanya magongo yaliyopasuka, akayatia gundi, akayafupisha mpini kwa msumeno na kuyazungushia utepe ili yatoshee mikono ya watoto wa miaka minane. Hakupenda kushukuriwa, aliyaweka kwenye kona ya darasa, akaenda kuchora duara kwa chokaa. Watoto wangu hujifunzia kwenye vumbi, ambako mpira huruka ovyo, kisha siku ya mashindano wanakutana na nyasi bandia ambazo Olimpiki imezitumia tangu Montreal mwaka 1976. Mtoto asiye na gongo lake mwenyewe la kufanyia mazoezi nyumbani hawezi kuliziba pengo hilo. Kombe litakaa kabatini.

Mshabiki wa tangu enzi za nyasi

Dada yangu mwalimu, nakuheshimu, lakini kwa hilo la kabati sikubaliani nawe. Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Barcelona mwaka 1971. Wachezaji wetu Avtar Singh Sohal na Surjeet Singh Panesar walicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Nimewauliza vijana wanaofanya mazoezi papo hapo Parklands, na wengi hawajapata kuyasikia majina hayo. Ikiwa magwiji hao wanasahaulika, kiungo wa ligi aliyejisemea kosa lake atakumbukwa na nani? Gongo huvunjika baada ya misimu miwili, na jina lililoandikwa juu yake huenda nalo.

Beki wa zamani, Parklands

Asanteni kwa moyo wenu. Mzee, hoja yako kuhusu majina imenigusa sana, lakini kisa cha magongo ya msumeno sikuwa nikikijua, ingawa tulikaa naye benchi moja miaka yote hiyo. Nitawaeleza wazee kwamba nimehamia upande wa vifaa, na kwamba kila mtoto atakayepewa gongo asimuliwe kwanza habari ya ile kona fupi na ya ile kamba ya kiatu. Mjane wa kipa amekwisha kunikabidhi pedi zake. Mwalimu, nitakuletea Jumamosi saa tatu asubuhi.