Springi ya vidole, mpira wa kukamua au kishingo cha mazoezi: kipi kinamfaa mpiga besi aliye mbali na besi?

NyuziNne:
Wakuu habari za muda huu. Nimepata safari ya kazi ya ghafla na besi inabaki nyumbani, haibebeki. Nataka ninunue kitu kimoja cha kuchezesha vidole huko niendako ili nikirudi nisianze upya. Nimeona vitatu: kile kidude cha springi chenye vitufe vinne kila kidole na chake, mpira laini wa kukamua, na kile kishingo kifupi chenye freti (vile vyuma vinavyokatisha shingo) na nyuzi za kweli. Kipi bora? Naagiza leo leo.

gumba_zito:
Springi. Mjadala umefungwa.

lowE_dada:
Haujafungwa. Mtoa mada hujatuambia kitu. Mkono upi unakusumbua? Besi ina freti au haina? Unaondoka siku mbili tatu au kipindi kirefu? Na unachoogopa kupoteza ni spidi, pumzi ya mkono kwenye wimbo mrefu, au kutanua vidole? Hayo kila moja lina zoezi lake.

fundi_wa_gruvu:
Naunga mkono dada. Halafu kabla hujatoa hela fanya hivi: shika kigasha chako cha kushoto kwa mkono wa kulia, sasa chezesha vidole kama unapiga. Umesikia kitu kinatembea chini ya ngozi? Ndiyo misuli yenyewe hiyo. Misuli mikubwa ya kukunja vidole iko kwenye kigasha, vidoleni zinafika kano tu. Kwa hiyo springi na mpira vyote vinakaza misuli ileile ya kukunja ambayo kutwa nzima unaitumia kushika simu, ndoo, usukani. Ya kufungua vidole ndiyo haina kazi, na hiyo unaipata kwa rababendi tu. Zungushia vidole vyote vitano karibu na kucha, tanua polepole, rudisha polepole. Basi.

gumba_zito:
Kwa hiyo nguvu si kitu? Uzi wa besi unavutwa kilo 18 hivi au zaidi, utaubonyeza kwa rababendi? 😂

fundi_wa_gruvu:
Hizo kilo 18 ni mvuto wa uzi kutoka nati (kile kipande cha mwisho wa shingo kinachoshika nyuzi) mpaka daraja (kile kinachozishika kwenye mwili wa besi), sio uzito wa kubonyeza. Weka kidole nyuma tu ya freti bila kubonyeza, piga uzi, ongeza nguvu kidogo kidogo mpaka mkwaruzo uishe. Hapo ulipofika ndio nguvu yote inayotakiwa, na utashangaa ilivyo ndogo. Ukiona unabonyeza mpaka gumba linauma nyuma ya shingo basi nyuzi zako ziko juu sana, peleka besi ikasetiwe.

kapteni_besi:
Mimi naomba niseme la springi maana nimeliona kwa macho yangu. Kuna mwalimu mmoja, jina naliacha, alikuwa anatufundisha kikundi na kila anayeingia darasani anakabidhiwa hicho kidude, na sio kile chepesi, anaanza na kigumu kabisa anasema vyepesi ni vya watoto, basi mnakaa mnakamua yeye anaongea, anayepumzika anachekwa mbele ya wenzake, na mwenzetu mmoja alikuwa na mkono mzuri sana, kile kidole chake kidogo kilikuwa kinatembea juu ya uzi wa G, ule mwembamba, mpaka raha, akaanza kulalamika maumivu ndani ya kigasha karibu na kiwiko, mwalimu anamwambia maumivu ndiyo mafanikio, kaza, mwenzetu akakaza, mwisho akawa hawezi kufungua kifuniko cha chupa achilia mbali kupiga besi, alipokwenda kwa mtaalamu wa viungo akaambiwa kano zimechokozwa, apumzishe mkono, na akakaa nje muda mrefu bendi ikatafuta mtu mwingine. Mwalimu hakuwahi hata kumpigia simu. Ndiyo maana nikiona mtu anaandika springi mjadala umefungwa nachukia.

gumba_zito:
Pole yake ila hapo kosa ni la mwalimu, sio la springi. Anza na nyepesi, kamua mara chache, pumzika. Mimi inanisaidia.

lowE_dada:
Inakusaidia nini hasa? Spidi?

gumba_zito:
Najisikia mkono una nguvu.

lowE_dada:
😅 sawa.

mzee_wa_freti:
Hata Robert Schumann, yule mtunzi wa Ujerumani, mkono wake wa kulia uliharibika akiwa kijana miaka ya 1830 akaachana na ndoto ya kuwa mpiga piano. Wapo wanaolaumu kidude cha kufanyizia vidole mazoezi, wengine wanasema ni ugonjwa, hawajakubaliana mpaka leo.

NyuziNne:
Samahanini nilikuwa kazini. Mkono ni wa kushoto. Besi ya freti, nyuzi tano (jina langu ni la zamani). Safari ni ndefu kidogo. Shida ni kidole kidogo kinaruka juu mbali na uzi, na cha pete ni kizito, hakinyanyuki peke yake. Ndiyo maana springi ilinivutia, kila kidole kinabonyeza peke yake.

fundi_wa_gruvu:
Ungeanza na hayo! Cha pete kuwa kizito sio udhaifu. Weka kiganja mezani, kunja cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine vinyooke. Nyanyua shahada, sawa. Nyanyua kidogo, sawa. Nyanyua cha pete. Kimegoma? Kano za nyuma ya mkono zimeungana kwa vikanda, ndivyo tulivyoumbwa, usikilazimishe.

Na kidole kinachoruka hakihitaji kubonyeza zaidi, kinahitaji kunyanyuka kidogo. Zoezi: mkono mezani umejikunja kama umeshika chungwa, ncha zote zinagusa. Nyanyua kimoja kiasi cha unene wa kadi, vingine visitikisike, shusha. Kisha viwili viwili (shahada ni 1, kidogo ni 4): 1 na 3, 2 na 4, 1 na 4. Kisha mpangilio wa 1 2 3 4 kwa njia zake zote, ziko 24. Polepole na metronomu (kihesabu mapigo) ya simu. Ukiona kigasha kimekakamaa, acha.

kapteni_besi:
Mimi hayo nayafanya juu ya kigasha cha kulia, nakifanya ndiyo shingo, gumba linakaa chini. Na mkono wa kulia shahada na kati wanapokezana pajani, nne kwa kila pigo, mara nyingine naanza na cha kati.

mzee_wa_freti:
Kupokezana kwa nini? James Jamerson, mpiga besi wa lebo ya Motown ya Marekani, alipiga kwa shahada peke yake.

kapteni_besi:
Mzee, wewe sio Jamerson.

mzee_wa_freti:
Na nyuzi alikuwa nazo nene, ziko juu, habadilishi mpaka zikatike. Vijana mnataka nyuzi laini kama za gitaa.

lowE_dada:
Mada ni mkono wa kushoto jamani. NyuziNne, kishingo kina faida moja ambayo hamna aliyeisema: sugu. Meza haikulindii sugu za vidoleni. Ila angalia nafasi za freti. Besi yenye nyuzi za urefu wa inchi 34, kutoka nati mpaka freti ya kwanza ni milimita 48 hivi, gitaa ya kawaida ni kama 36. Nilivyoviona mimi vingi vina nafasi za gitaa, utazoea kubana vidole halafu urudi kwenye besi ambako freti ya kwanza mpaka ya nne ni sentimita 13.

NyuziNne:
Duh. Halafu nilisahau, usiku mkono huo unakufa ganzi. Ni kawaida?

kapteni_besi:
UNASEMA SASA HIVI??

lowE_dada:
Ganzi ya vidole vipi? Gumba, shahada na kati ni neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono. Kidogo na cha pete ni ile ya nyuma ya kiwiko, na kulala umekunja kiwiko kunaibana.

NyuziNne:
Kidogo na cha pete.

lowE_dada:
Basi usinunue chochote cha kukamua, nenda hospitali kabla ya safari. Kwa sasa lala mkono umenyooka.

gumba_zito:
Hapo hata mimi nakubali, springi ipumzike kwanza.

besi_kushoto:
Wakuu, kile kishingo kwa sisi wa mkono wa kushoto nyuzi zinageuzika?

fundi_wa_gruvu:
Zinageuzika ila nati ichongwe upya, mfereji wa uzi mnene ni mpana kuliko wa G.

besi_kushoto:
Na cha nyuzi tano kipo?

fundi_wa_gruvu:
Mimi sijakiona. Nne tu, na sita za gitaa.

NyuziNne:
Sasa mimi wa nyuzi tano niagize kipi?